NYWELE, VIGANJA NA MOYO: UGONJWA MMOJA WA KURITHI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.) aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:



Katika makala hii tutaeleza ugonjwa ambao wengi wetu hatujawahi kuusikia. Ni ugonjwa adimu, na huenda usimkute mtu mwenye nao maisha yako yote. Hata hivyo una mafunzo makubwa kwa kila nyumba ya Kiislamu: namna maradhi yanavyorithiwa, kwa nini kijana mwenye nguvu zake anaweza kuanguka ghafla na kufariki, na namna dalili iliyo wazi kwenye viganja inavyoweza kutoa habari za moyo uliofichika kifuani. Ugonjwa wenyewe unaitwa ugonjwa wa Naxos.

ULIKOJULIKANA

Naxos ni kisiwa cha Ugiriki katika Bahari ya Aegean. Ndicho kikubwa kuliko vyote katika kundi la visiwa vya Cyclades, na kina wakazi wapatao 20,000. Watu wa visiwani wanajuana, na kwa vizazi vingi wameoana wao kwa wao, kama ilivyo katika visiwa vingi duniani.

Mwaka 1986 daktari Nikos Protonotarios na wenzake walichapisha taarifa juu ya wagonjwa 9 kutoka familia 4 za kisiwa hicho. Wagonjwa hao walikuwa na ngozi nene na ngumu kwenye viganja na nyayo, na nywele zilizosokotana kama sufi ya kondoo. Madaktari walipowapima moyo wakakuta kwamba wengi wao wana matatizo ya moyo pia. Kumbe mambo matatu yaliyodhaniwa kuwa mbalimbali yalikuwa na chanzo kimoja.

Baadaye ugonjwa huu ukaonekana katika visiwa vingine vya Ugiriki, na pia Uturuki na Saudi Arabia. Mwaka 1998 daktari Luis Carvajal-Huerta wa Ecuador, Amerika ya Kusini, akaeleza ugonjwa unaofanana nao sana, na ndugu yake huyo wa Naxos akapewa jina la Carvajal. Familia zenye ugonjwa wa Carvajal zimepatikana pia India. Tofauti yao kubwa ni kwamba ule wa Naxos huanzia zaidi upande wa kulia wa moyo, na ule wa Carvajal hupiga zaidi upande wa kushoto na huanza mapema zaidi, tangu utotoni.

CHANZO CHAKE: JENI, SI JINI

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, yaani vijichumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Ndani ya kila seli kuna maandishi ya kurithi, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Kila sehemu ya maandishi hayo inayotoa maagizo ya kazi fulani huitwa jeni. Tafadhali wanafunzi, msichanganye jeni na jini! Jini ni kiumbe. Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya mwili wako mwenyewe.

Sasa fikiria ukuta wa nyumba ya zamani ya pwani. Mawe ya matumbawe yamepangwa, na katikati yake imetiwa chokaa. Mawe yawe mazuri namna gani, chokaa ikiwa mbovu ukuta utapasuka, na utaanza kupasuka pale unapotikiswa zaidi. Seli za mwili nazo zimeshikanishwa. Baina ya seli na seli kuna vifungo viitwavyo desmosomu, na vifungo hivyo hutengenezwa kwa protini kadhaa. Mojawapo ni plakoglobini, na nyingine ni desmoplakini.

Mwaka 2000 watafiti walibainisha kwamba wagonjwa wa Naxos wana kosa katika jeni ya plakoglobini. Katika maandishi yale marefu zimekosekana herufi mbili tu. Mwaka huohuo ikagundulika kwamba wagonjwa wa Ecuador wana kosa katika jeni ya desmoplakini. Basi chokaa ni mbovu katika familia zote mbili, ijapokuwa kilichoharibika si kitu kimoja.

Hapo utajua kwa nini ugonjwa huu unachagua ngozi, nywele na moyo. Ngozi ya viganja na nyayo hukandamizwa na kusuguliwa kila siku. Moyo nao hujikunja na kujikunjua takriban mara 100,000 kwa siku bila mapumziko. Viungo hivi ndivyo vinavyohitaji vifungo imara kuliko vingine. Seli za moyo zinapoachana, nyingi hufa, na mahali pake hujazwa mafuta na makovu. Kovu halipitishi umeme wa moyo kama inavyotakiwa. Ule mwendo wa mapigo uliopangika huvurugika, na moyo huanza kwenda mbio ovyo, kiasi kwamba hausukumi damu ya kutosha kwenda kwenye ubongo. Mtu huzirai. Moyo usiporejea katika mwendo wake, hufariki.

DALILI NA MPANGILIO WAKE

Dalili za ugonjwa wa Naxos huja kwa zamu:

(1) Nywele. Mtoto huzaliwa na nywele zilizosokotana sana.

(2) Ngozi. Katika mwaka wa kwanza au wa pili, mtoto anapoanza kushika vitu, kutambaa na kutembea, ngozi ya viganja na nyayo huanza kuwa nene na ngumu.

(3) Moyo. Katika umri wa kubaleghe, dalili za moyo huwa zimejitokeza katika vipimo au kwa mgonjwa mwenyewe: moyo kudunda ovyo, kizunguzungu, na kuzirai, hasa wakati wa mazoezi au mshtuko. Baadaye moyo unaweza kudhoofika, miguu ikavimba na pumzi zikawa fupi.

Angalia rehema iliyomo katika mpangilio huo. Nywele na ngozi hutangulia kwa miaka mingi, kama mjumbe anayepiga hodi kabla ya mgeni kufika. Mwenye kumsikia mjumbe hupata muda wa kujiandaa.

Hapa lazima tutoe tahadhari ili tusije tukawatia watu hofu bure. Kwa Wagiriki, ambao wengi wao wana nywele za singa, mtoto mwenye nywele kama sufi huonekana mara moja. Kwetu sisi Waafrika nywele za kipilipili ni umbo letu la kawaida alilotupa Mwenyezi Mungu, na wala si dalili ya ugonjwa wowote. Vilevile sugu za mkulima au mvuvi, na magaga ya mtu anayetembea peku, si ugonjwa huu. Sugu ya kazi hutokea pale jembe au kamba inaposugua, na hupungua kazi ikiachwa. Ngozi tunayoizungumzia humwanza mtoto mdogo ambaye hajafanya kazi yoyote, hutanda kiganja na unyayo, na haiondoki. Aidha yapo maradhi mengi ya kurithi yanayofanya viganja kuwa vigumu, na mengi kati ya hayo hayagusi moyo kabisa. Kuyatenganisha ni kazi ya daktari.

Basi mzazi aangalie nini? Aangalie mambo haya yanapokutana: mtoto mwenye viganja na nyayo ngumu tangu utotoni, ambaye nywele zake hazifanani na za ndugu zake au za wazazi wake, na hasa ikiwa katika ukoo kuna kijana aliyewahi kuzirai mara kwa mara au kufariki ghafla bila sababu kujulikana. Huyo apelekwe hospitali apimwe moyo hata kama anacheza na kukimbia bila shida.

Sisi Waislamu tuna nafasi nzuri ya kuona mapema. Mama anayemfundisha mwanawe kutawadha hushika viganja vyake na miguu yake kila siku, na huipitisha mikono baina ya vidole. Hakuna daktari anayemtazama mtoto mara nyingi namna hiyo.

UNARITHIWA VIPI?

Huenda ukauliza: mbona baba na mama ni wazima, na mtoto ni mgonjwa?

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hizi, moja ya baba na moja ya mama. Katika ugonjwa wa Naxos, mwenye nakala moja mbovu na moja nzima kwa kawaida haugui, kwani ile nzima inamtosha. Yeye huitwa mbebaji. Wakioana wabebaji wawili, basi katika kila mimba kuna uwezekano wa namna nne zilizo sawa: moja, mtoto apate nakala mbovu mbili na awe mgonjwa, mbili, awe mbebaji kama wazazi wake, na moja, awe mzima kabisa asiyebeba chochote. Huu ndio utaratibu uleule wa ugonjwa wa seli mundu, ambao wengi wetu tunaufahamu majumbani mwetu.

Wengine hukosea hapa. Wakisikia "moja katika nne" hudhani kwamba akishazaliwa mtoto mmoja mgonjwa, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima. Sivyo. Kila mimba huanza hesabu upya. Mtu anaweza kupata watoto wanne wazima wote, na mwingine akapata wawili wagonjwa kwa kufuatana. Hapana kosa la mama wala la baba katika jambo hili. Wala mama asisingiziwe kuwa "ana damu mbaya", maana mtoto hawezi kuugua mpaka apokee nakala mbovu kutoka pande zote mbili.

NDOA ZA MABINAMU

Jambo hili ni zito, na tuliseme kwa uadilifu.

Kuoa binti ya ami, ya khalati, ya mjomba au ya shangazi ni halali katika dini yetu. Sayyidna Ali (r.a.), aliyemuoa Bibi Fatma (r.a.), alikuwa ni mtoto wa ami yake Mtume (s.a.w.). Hakuna mwenye haki ya kuharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Lakini halali si wajibu. Nazi ni halali, na daktari anaweza kumshauri mgonjwa apunguze tui.

Sababu ya kitaalamu ni hii. Mabinamu wana babu na bibi mmoja. Kama babu alikuwa mbebaji, inawezekana wajukuu wake wawili wote wakawa wamerithi nakala ileile mbovu. Wakioana, nakala hizo hupata nafasi ya kukutana. Kwa watu wasio na uhusiano wa damu, kukutana nakala mbili za ugonjwa adimu namna hii ni jambo la nadra mno.

Hata hivyo tusitie chumvi. Wataalamu hukadiria kwamba katika watoto 100 wa wazazi wasio ndugu, 2 hadi 3 huzaliwa na kasoro kubwa ya kimaumbile. Kwa mabinamu wa damu idadi hiyo huongezeka kwa kama 2 hadi 3 wengine. Kwa hiyo mabinamu walio wengi huzaa watoto wazima. Hatari huzidi pale koo zinapooana ndani kwa ndani kizazi baada ya kizazi, na huzidi zaidi pale ambapo ugonjwa wa kurithi umekwishaonekana katika ukoo.

Ndiyo maana tangu mwaka 2004 Saudi Arabia inawataka wachumba wapimwe seli mundu na thalasemia kabla ya kufunga ndoa. Vipimo hivyo havikuwekwa kwa ajili ya ugonjwa wa Naxos, lakini hekima yake ni hiyohiyo. Majibu hayawazuii kuoana. Hupewa habari na ushauri, na uamuzi hubaki mikononi mwao. Nasi wakati wa posa huuliza tabia, dini na nasaba. Kuna ubaya gani kuuliza na afya? "Je, katika ukoo wenu kuna waliofariki ghafla wakiwa vijana?" Swali hili likiulizwa kwa adabu si tusi. Na mwenye kuulizwa asifiche, kwani kuficha ni kumdhulumu mtoto ambaye bado hajazaliwa.

TIBA NA TAHADHARI

Mpaka leo hakuna dawa ya kuondoa kosa lililoandikwa katika jeni. Hilo lisitukatishe tamaa, kwa sababu kinachoua katika ugonjwa huu ni moyo kuvurugika mapigo au kudhoofika, na hayo yana njia za kuyazuia.

Daktari wa moyo humpima mgonjwa kwa kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, ambacho hakina maumivu: vinabandikwa vibandiko kifuani, na mashine huchora mapigo kwenye karatasi. Hufuata kipimo cha ultrasaundi ya moyo, na wakati mwingine mgonjwa hufungiwa mashine ndogo ya kurekodi mapigo kwa saa 24 au zaidi. Kwa kuwa ugonjwa huendelea polepole, kipimo cha leo kikiwa kizuri mtoto huendelea kurudishwa kliniki. Tanzania, wagonjwa wa moyo hupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Lakini safari huanzia kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Matibabu ni ya namna hizi:

(1) Kuacha michezo ya mashindano na mazoezi ya kuchosha sana. Kukimbia kwa nguvu huvuta vifungo vilivyo dhaifu, na huongeza kasi ya ugonjwa na hatari ya kifo cha ghafla.

(2) Dawa za kutuliza mapigo, na dawa za kusaidia moyo uliodhoofika.

(3) Kifaa kidogo kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua, karibu na mtulinga. Kifaa hiki huulinda moyo usiku na mchana, na mapigo yakivurugika hutoa mshtuko wa umeme na kuyarudisha katika mwendo wake. Gharama yake ni kubwa, lakini kimeokoa maisha ya wengi.

(4) Kupandikizwa moyo mwingine, pale njia zote nyingine zinaposhindikana.

(5) Ngozi hulainishwa kwa mafuta na dawa za kupaka ili isipasuke na kuingia vijidudu.

Na pindi akipatikana mgonjwa mmoja, ndugu zake wa baba na mama mmoja nao wapimwe, hata kama hawalalamiki kitu.

Kama mtu ameanguka, haitiki wala hapumui, msimkusanyikie mkimmwagia maji. Mmoja akaite msaada, na mwingine aweke viganja viwili vilivyopandana katikati ya kifua chake na kukandamiza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Kila mwanafunzi mkubwa anaweza kujifunza jambo hili.

TIBA, DUA NA TAWAKKUL

Kwetu mtu akizirai mara mbili tatu, maneno huwa mengi. Mmoja atasema ana shetani, mwingine atasema ni kijicho, wa tatu atasema ni kifafa. Hatukatai kwamba majini wapo na husuda ipo, kwani dini yetu imetufundisha hivyo. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema lenye baraka. Lakini kisomo hakimzuii mtu kwenda hospitali, na hospitali haimzuii mtu kusomewa. Kijana aliyezirai akikimbia uwanjani, halafu akazungushwa kwa waganga mwaka mzima bila kupimwa moyo hata mara moja, amecheleweshewa haki yake.

Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute matibabu, naye akawaamuru watafute, akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea na dawa. Na Sayyidna Umar (r.a.) alipogeuza msafara wake asiingie Sham kulikokuwa na tauni, aliulizwa kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Alibainisha kwamba anatoka katika kadari na kuingia katika kadari nyingine. Basi kupima, kuuliza na kujikinga nako ni katika kadari, na mwenye kufanya hayo hajapungukiwa na tawakkul.

KWENU WANAFUNZI

Neno la mwisho ni lenu. Katika darasa anaweza kuwapo mwenzenu mwenye viganja vikavu vilivyopasuka, au mwenye nywele zisizofanana na za wengine, au asiyeruhusiwa kucheza mpira. Msimpe jina la utani. Msikatae kumpa mkono, kwani ugonjwa wa kurithi hauambukizi kwa kugusana, kula sahani moja wala kuswali bega kwa bega. Akikaa pembeni wakati wa mchezo, mpeni filimbi awe refa, au mkae naye. Na wewe ambaye moyo wako hudunda ovyo ukikimbia, au umewahi kuanguka ukazirai kwenye mazoezi, usione haya wala usijikaze mbele ya wenzako. Mwambie mzazi wako na ustadhi wako leo hii.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wazazi wao, na atujaalie afya ya miili na usalama wa nyoyo. Amin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.